Mafuta ya Kitambi Si Akiba Iliyolala

Kwenye baraza za Kibokoni, mtu aliyeota kitambi bado huambiwa kwamba maisha yamemkubali, kana kwamba mafuta ya mwilini ni akiba tu inayongoja siku ya njaa. Imani hiyo ina ukweli nusu. Ndani ya seli za mafuta, na pia ndani ya makrofaji, ambazo ni seli za kinga, mna protini ndogo iitwayo FABP4, ambayo huzishika asidi za mafuta, zisizoyeyuka vizuri katika maji, na kuzisafirisha. Kazi yake haiishii kwenye uchukuzi: huchangia ishara zinazoamsha uvimbe wa chini kwa chini, yaani mwitikio wa kinga usiouma wala kuonekana, unaodhoofisha utendaji wa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Mwaka 1996 iliripotiwa kwamba panya waliozaliwa bila protini hiyo walinenepa kwa chakula chenye mafuta mengi, lakini hawakupata usugu wa insulini, yaani mwili kutoiitikia vizuri, kama wenzao. Panya si watu, bila shaka. Hata hivyo, kwa watu pia FABP4 nyingi katika damu huandamana na unene na kisukari cha aina ya 2. Wala si mafuta yote yaliyo sawa, kwani yanayozunguka matumbo huhusishwa na madhara zaidi kuliko yale ya mapajani.