"Baba" inapogeuka "mama"

Mwalimu wa darasa la pili aliletwa kwangu, kwenye tiba ya usemi, kwa sababu watoto wanamcheka. Asubuhi anasoma imla vizuri tu. Ikifika saa tano, anasema "baba", darasa zima linaandika "mama". Mkuu wake alishamwita pembeni akitaka kujua kama amekunywa.

Nikamwomba ahesabu kwa sauti hadi mia. Thelathini za mwanzo, safi. Kwenye arobaini na kitu sauti ikaanza kupandia puani. Sitini ilikuwa king'ong'o kitupu. Akanyamaza dakika chache, akaanza upya: moja, mbili, tatu, safi kabisa. Pombe haina tabia hiyo. Nikamwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa neva, na vipimo vikaonyesha miastenia gravisi.

Katika ugonjwa huu, mara nyingi kingamwili za mwili wenyewe hushambulia vipokezi vya asetilikolini, kemikali inayobeba amri ya neva, pale neva inapokutana na msuli. Amri inatumwa, msuli unaipata nusunusu, na ukizidi kutumika unazidi kulegea. Sasa, ili utamke "b", kaakaa laini, ile nyama ya nyuma juu kinywani, lazima linyanyuke lizibe njia ya pua. Likichoka, pumzi inapenya juu, na "b" iliyopitia puani ndiyo "m". "Dada" naye anakuwa "nana".

Hapa ndipo sisi wa tiba ya usemi tunapoharibu. Zamani nilimpa mgonjwa wa namna hii mazoezi ya kupuliza mrija, kama ninavyowapa wengine. Wiki iliyofuata alirudi hawezi kumaliza kikombe cha uji. Msuli huu haukomazwi kwa kuuchosha.

Kwa hiyo mwalimu tulimpangia saa, siyo mazoezi. Daktari alikubali kidonge cha piridostigimini akinywe kama nusu saa kabla ya imla, maana nguvu yake hudumu saa chache tu. Kuita watoto, kengele. Simu za jioni zikawa meseji. Nikamwambia pia: siku utakayopaliwa na mate au kukosa pumzi, usisubiri kesho, nenda hospitali hapo hapo.

Kuna na dawa. Kwinini ya malaria, na antibiotiki kama jentamaisini na siprofloksasini, zinaweza kuuzidisha ugonjwa, na huku kwetu homa haikosi. Lakini atajielezaje dirishani kwa mfamasia wakati sauti imekwisha? Nyuma ya kadi yake ya bima amebandika kikaratasi: "Nina miastenia. Nisipewe kwinini. Sijalewa."