Lidström, beki aliyekaba bila kugonga

Kila msimu ukianza, watoto ninaowafundisha ubeki wa hoki ya barafu hapa Uswidi wananiuliza swali lilelile: kocha, lini tutaanza kugonga watu? Wana miaka 11 au 12. Sibishani nao. Nawakalisha kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo na kuwawekea mechi za fainali ya 1997 ya Kombe la Stanley, kombe la ligi kubwa ya Amerika Kaskazini, NHL.

Detroit Red Wings walikuwa wanakutana na Philadelphia Flyers. Flyers walikuwa na mafowadi watatu, Eric Lindros, John LeClair na Mikael Renberg, mibaba ya zaidi ya kilo 100 kila mmoja. Kila mtu alitegemea kocha wa Detroit, Scotty Bowman, atawaachia mabeki wake wakali, hasa Mrusi Vladimir Konstantinov, ambaye ukipita karibu yake ulikuwa unaondoka na alama mwilini. Bowman akampanga Nicklas Lidström, Mswidi mpole asiyefika kilo 90, pamoja na Larry Murphy. Murphy alikuwa na miaka 36, mzito wa mbio, na miezi michache tu nyuma alikuwa akizomewa na mashabiki wa timu yake mwenyewe kule Toronto. Ilionekana kama mzee Bowman kachanganyikiwa.

Bingwa ni wa kwanza kushinda mechi 4, na Flyers walifungwa zote 4. Lindros alipata bao moja tu fainali nzima, tena zikiwa zimebaki kama sekunde 15 mechi ya mwisho iishe. Detroit wakabeba kombe walilokuwa hawajaligusa tangu 1955.

Kwa wasomaji ambao barafu ya namna hii mliiona mara moja tu, pale hoteli ya Panari Nairobi, nieleze kidogo. Kila timu ina golikipa na wachezaji watano uwanjani, wawili kati yao mabeki. Wanagombania kisahani cha raba ngumu chenye gramu kama 170, kwa kutumia gongo. (Ndugu zangu wa Tanzania, acheni kucheka. Gongo la mkononi, si lile la kunywa.) Uwanja umezungushiwa ukuta, kwa hiyo hakuna mpira wa kurusha; kisahani kikigonga ukuta kinarudi mchezoni. Mbio zake ni za kukata pumzi, na mchezaji hukaa uwanjani sekunde 45 hivi, anatoka, mwenzake anaingia. Mabeki hupangwa wawili wawili, jozi tatu, wakipokezana.

Sasa turudi kwa yale majitu. Mtindo wa Flyers ulikuwa kukitupa kisahani kwenye kona nyuma ya beki, kisha kumfuata kwa kasi na kumbamiza ukutani mpaka akiachie. Ni mtindo mzuri, lakini unahitaji kitu kimoja: beki awepo pale anapobamizwa. Lidström na Murphy walikuwa wanafika kwenye kona wakiwa wameshajua pasi inakwenda wapi. Wanagusa mara moja, kisahani kimeondoka, na Lindros anafika na kilo zake zote kukuta hakuna kitu. Ukimfanyia mtu mzito hivyo mara thelathini kwa usiku mmoja, miguu yake inaanza kulalamika. Murphy hakuhitaji mbio, kwa sababu alikuwa anaondoka mapema.

Nikisimamisha picha, nawaambia watoto wasitazame kisahani. Watazame visigino vya Lidström. Fowadi anamjia kasi, yeye anateleza kinyumenyume kwa kasi ileile, na katikati yao pana umbali wa urefu wa gongo moja, hauzidi, haupungui. Ukimwachia fowadi nafasi kubwa kuliko hiyo, atapiga. Ukimsogelea zaidi, atakuzunguka. Halafu Lidström anajikunja kidogo tu upande wa katikati ya uwanja, kiasi kwamba fowadi anaona upenyo pembeni. Anauchukua. Ule upenyo unaishia ukutani. Mimi nilikuwa beki wa kati wa mpira wa miguu kabla ya kuja huku, na siku nilipoelewa kwamba ukuta ni beki wa tatu ambaye hachoki ndipo nilipoanza kuupenda mchezo huu.

Nadhani malezi yake yalichangia. Viwanja vya Uswidi alikokulia vilikuwa na upana wa karibu mita 30, vile vya Amerika Kaskazini ni mita 26. Kwenye uwanja mpana ukimfuata mtu kwa pupa ili umgonge, akikukwepa umeacha uwanja mzima wazi. Kijana anajifunza subira kwa lazima. Lidström alitokea Krylbo, karibu na Avesta, akachezea Västerås, na Detroit walimteua mwaka 1989 akiwa wa 53. Yaani siku ile klabu zilipochagua vijana kwa zamu, majina 52 yalitajwa kabla ya lake. Alibaki nyumbani miaka miwili zaidi, akawa bingwa wa dunia na Uswidi mwaka 1991, ndipo akavuka bahari akiwa na miaka 21. Msimu wa kwanza alimaliza na pointi 60, yaani mabao yake na pasi zake za mabao kwa pamoja. Mwenzake uwanjani alikuwa Brad McCrimmon, mkongwe mgumu aliyekaa nyuma kulinda ili kijana apate kupanda.

Takwimu ninayoipenda kuliko zote si ya mabao. Katika ligi kubwa alicheza mechi 1,564, zote kwa Detroit, na jumla ya adhabu zake ni dakika 514. Kosa la kawaida hukutoa nje dakika 2, timu yako ikibaki na mtu pungufu. Piga hesabu: ni wastani wa kosa moja dogo katika mechi sita hivi, kwa mtu ambaye kila usiku alikabidhiwa mafowadi hatari kuliko wote. Beki anayefanya makosa mara nyingi ni beki aliyechelewa. Gongo linamnasa mpinzani miguuni kwa sababu miguu yako imeshaachwa.

Siku sita tu baada ya ubingwa wa 1997, gari alimopanda Konstantinov lilipata ajali na hakucheza tena maishani. Mzigo wa ulinzi wa Detroit ukamwelemea Lidström, naye akaubeba miaka 15. Hata hivyo Tuzo ya Norris, ya beki bora wa mwaka, ilimkwepa. Alishika nafasi ya pili mara tatu mfululizo, 1998 hadi 2000, kisha akaipata 2001, ameshatimiza miaka 31. Akaichukua mara 7 kwa jumla, ya mwisho akiwa na miaka 41. Fowadi wa umri huo kwa kawaida ameshastaafu zamani. Beki anayetegemea mabega huisha mapema vilevile, maana mwili una kiwango chake cha kupigwa. Anayetegemea macho anaongezeka thamani, ilimradi asiumie.

Msidhani alikuwa wa kukaba tu. Aprili 2002 Detroit walikuwa wamefungwa na Vancouver mechi mbili za mwanzo, raundi ya kwanza kabisa. Mechi ya tatu ikiwa 1-1, Lidström akapiga kutoka katikati ya uwanja, na kisahani kikampita kipa Dan Cloutier. Vancouver hawakushinda tena. Detroit wakaenda hadi kombe, na Lidström akawa mchezaji wa kwanza kutoka Ulaya kutwaa Tuzo ya Conn Smythe ya mchezaji bora wa mtoano. Kwenye fainali ya Olimpiki ya Torino 2006 dhidi ya Ufini, kipindi cha tatu, ambacho ndicho cha mwisho, kilikuwa kimeanza sekunde 10 tu alipofunga bao la 3-2 lililowapa Uswidi dhahabu. Mwaka 2008 aliinua Kombe la Stanley akiwa kepteni, wa kwanza aliyezaliwa na kufundishwa Ulaya kufanya hivyo.

Picha moja inanisumbua. Juni 2009, mechi ya saba ya fainali, Detroit wako nyuma 2-1 nyumbani dhidi ya Pittsburgh. Sekunde za mwisho kabisa kisahani kinaruka na kumwangukia Lidström upande wa kushoto, goli limebaki wazi. Anapiga. Kipa Marc-André Fleury anajirusha kifua mbele na kuzuia. Kengele. Nimeitazama mara nyingi nikitafuta alichokosea. Hakukosea kitu.

Alistaafu Mei 2012 na kurudi Västerås.

Jumamosi hii nitawapindulia watoto magongo tena, washike upande wa chini juu, wakabe kwa mpini. Kwa mpini huwezi kumpokonya mtu kisahani, kwa hiyo inabidi usogeze miguu. Watanuna, kama walivyonuna mwaka jana.