Je, Wajua Kwa Nini Bia Haimlainishi Kuku Anayebanikwa Akiwa Amekalia Kopo?

Nchini Marekani kuna namna ya kubanika kuku mzima ambayo mgeni akiiona kwa mara ya kwanza hudhani anataniwa. Kopo la bia hufunguliwa, nusu ya bia hunywewa, kisha kuku aliyekwisha kupakwa viungo huketishwa juu ya kopo hilo hadi limwingie tumboni, na miguu yake miwili huvutwa mbele ili pamoja na kopo iwe mafiga matatu ya kumsimamisha. Hapo huwekwa juu ya wavu wa jiko la mkaa, akafunikwa, akaachwa kwa muda wa saa moja na robo hadi saa moja na nusu. Wako wanaomwita kuku mlevi, ingawa pombe inayomfikia, kama tutakavyoona, haitoshi kumlevya hata kifaranga.

Historia yake ni fupi na haina mwenyewe mmoja. Watu wa Louisiana na wa Texas kila mmoja huvutia kwake. Mapishi haya yalienea kupitia mashindano ya kubanika nyama ya miaka ya 1990, na mwaka 2002 mwandishi Steven Raichlen alichapisha kitabu kizima kilichobeba jina la kuku huyu. Lililo la maana zaidi kwetu ni jiko lenyewe. Mwaka 1952 George Stephen, mfanyakazi wa kiwanda cha vyuma karibu na Chicago, alikata boya la chuma katikati akapata jiko la duara lenye mfuniko uliobinuka. Bila mfuniko wa namna hiyo, mrefu wa kutosha kumfunika kuku aliyesimama, mapishi haya yasingewezekana.

Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni haya: bia huchemka ndani ya kopo, mvuke wake hujaa tumboni mwa kuku, hupenya nyama kutokea ndani, na kwa hiyo kuku hutoka laini, mwenye majimaji na ladha ya bia. Niliyaamini maelezo hayo kwa miaka kadhaa, na nikawaeleza wageni wangu kwa sauti ya mtu anayejua, mpaka siku moja nilipomtoa kuku aliyeiva barabara nikachungulia ndani ya kopo. Bia ilikuwa karibu kiasi kilekile nilichoiweka. Kama haikupungua, mvuke niliousifu ulikuwa umetoka wapi?

Jibu linaanza na safari ya joto. Hewa iliyo chini ya mfuniko huwa na nyuzijoto 170 au 180 za Selsiasi, na joto hilo hupitia kwanza kwenye ngozi, kisha kwenye nyama, kisha kwenye mbavu na utando unaofunika tumbo kwa ndani, na mwisho kabisa hufika kwenye kopo. Fikiria foleni ya watu wanaopokezana ndoo za maji kutoka kisimani: aliye mwisho wa foleni hawezi kupokea ndoo ambayo wa katikati hajaipokea. Bia ndiyo iliyo mwisho wa foleni. Idara ya Kilimo ya Marekani inaelekeza kuku aive hadi nyuzijoto 74, na mpishi mwangalifu humwondoa jikoni mara anapofika hapo au kupita kidogo. Ikiwa nyama inayolizunguka kopo ina nyuzijoto 74, haiwezi kuipa bia nyuzijoto 100, kwa kuwa joto haliendi kutoka kwenye kilicho baridi kwenda kwenye kilicho moto zaidi. Bia ya kawaida, ambayo takriban asilimia 95 yake ni maji, huchemka karibu na nyuzijoto 100. Ili kuifikisha hapo kwa joto linalopita kwenye nyama, ingebidi kuku abanikwe mpaka asilike.

Ni kweli kwamba maji hutoa mvuke hata kabla ya kuchemka, la sivyo nguo zisingekauka kwenye kamba. Lakini mvuke huo ni mchache, na una gharama. Kugeuza gramu 100 za maji kuwa mvuke kunahitaji takriban kilojuli 226 za joto, ilhali kumpasha kuku wa kilo moja na nusu kutoka ubaridi wa friji hadi kuiva kunahitaji, kwa makadirio, kilojuli 340 hivi. Maana yake ni kwamba kugeuza nusu glasi ya maji kuwa mvuke kungekula joto linalokaribia theluthi mbili ya lile linalompika kuku mzima. Aidha, mafuta ya kuku huweza kudondokea ndani ya kopo yakaelea juu ya bia na kuifunika, na hapo hata ule mvuke mchache huzuiwa.

Tuseme basi, kwa ajili ya hoja tu, kwamba bia imechemka kweli. Bado mvuke usingemlainisha kuku, na hapa ndipo nilipokosea zaidi. Nyama mbichi ya kuku tayari ni maji kwa kiasi cha asilimia 70 na zaidi, kwa hiyo kuipelekea mvuke ni sawa na kuimwagia maji kanga iliyotoka kwenye beseni la kufulia. Tatizo la nyama inayopikwa ni kushindwa kuyashika maji iliyo nayo. Kadiri joto linavyopanda, misuli hujikunja na kuyakamua maji yake nje, mithili ya mikono miwili inayosokota kanga hiyohiyo, na mkono unaosokota haulegei kwa sababu tu hewa ya nje ina unyevu. Asiyeamini na akumbuke kidari cha kuku kilichosahauliwa kwenye mchuzi unaotokota. Hukauka na kuwa kama kamba za mnazi, nacho kimezama katika maji tangu mwanzo.

Ladha nayo haina njia nzuri zaidi. Mvuke unaobaki tumboni hugusa mbavu na utando wake, sehemu ambazo mlaji huzibakiza sahanini, huku paja nene likiwa halina mgusano wowote na tumbo. Kinachomfanya mtu aape kwamba ameonja bia mara nyingi ni viungo vya ngozi, moshi wa makaa, na bia aliyokuwa akinywa alipokuwa akisubiri.

Kwa nini basi kuku huyu huwa mtamu kweli? Sifa ni ya kusimama. Kuku aliyelazwa kwenye sinia hulalia majimaji yake, na ngozi ya upande wa chini huchemka badala ya kukauka, ilhali rangi ya kahawia na ule ukavu unaovunjika menoni huhitaji ngozi iliyopoteza maji na kupanda juu ya nyuzijoto 140 hivi. Kuku aliyesimama ni kama nguo iliyoanikwa kwenye kamba: hewa humzunguka pande zote, na mafuta yaliyo chini ya ngozi huyeyuka, yakateremka yakiipaka ngozi njiani. Tena mapaja, ambayo hulainika vizuri yakizidi joto la kidari, huwa chini karibu na wavu. Kuhusu faida hii ya mwisho ningekuwa na tahadhari, kwa sababu ndani ya jiko lililofunikwa hewa moto hupanda juu, na jiko moja halifanani na jingine.

Tahadhari nyingine inahusu kitako cha kopo. Makaa yakiwa chini yake moja kwa moja, bia hupata joto bila kupitia kwa kuku na inaweza kuchemka, lakini mafuta nayo huwaka na mapaja hugeuka mkaa. Ndiyo maana makaa husukumwa pembeni. Utando wa ndani wa kopo na rangi yake ya nje navyo vilitengenezwa kwa ajili ya kinywaji baridi, si kwa ajili ya kukaa jikoni, na hiyo ni sababu tosha ya kutumia kishikio cha waya, ambacho humsimamisha kuku vilevile na kuruhusu hewa moto imwingie tumboni. Kopo lenye bia ya friji hufanya kinyume: huziba tumbo na kunyonya joto.

Kwenye jiko letu la kawaida lisilo na mfuniko, kuku akisimamishwa ataungua miguu na kubaki mbichi shingoni. Wachoma kuku wa mitaani wanalijua hilo, na ndiyo maana humpasua na kumlaza bapa. Anayetaka kujaribu anaweza kumfunika kwa sufuria kubwa iliyofudikizwa, akiacha upenyo wa hewa ili makaa yasizimike.

Na anayeitaka ladha ya bia kwa dhati aichemshe sufuriani mpaka ibaki robo, aichanganye na siagi, kisha aipake juu ya ngozi katika dakika kumi za mwisho, mahali ulimi unapofika. Ila achague bia isiyo chungu, kwa kuwa uchungu wa bia hauondoki na mvuke. Hubaki sufuriani ukizidi kukolea.