Kwa nini makaburi ya kale ya viungani yamekaa kama bustani?

Neno kiunga lina maana mbili. Ya kwanza ni shamba la miti ya matunda; ya pili ni pembezoni mwa mji, pale nyumba zinapoanza kuachana. Ukiingia kwenye makaburi ya kale ya Paris, London au Brooklyn utaona maana hizo zimekaribia kukutana: miti mikubwa iliyopandwa kwa mpango, njia zinazopinda kufuata mteremko, geti lenye nguzo kama la ikulu, na nje ya ukuta mtaa wa watu, magari yakipita. Mtu hujiuliza ni nani aliyeamua kuweka makaburi katikati ya makazi. Hakuna aliyeamua hivyo. Makaburi ndiyo yaliyotangulia. Yalipelekwa mbali makusudi ili yasiwe karibu na mtu, kisha mji ukayafuata huko huko.

Kabla ya hapo, kwa karne nyingi, Wakristo wa Ulaya walizikwa mjini, ndani ya kanisa au uani mwake. Mwenye uwezo alilala karibu na altare. Maskini aliwekwa kwenye shimo la pamoja. Uwanja ulibaki ule ule, wafu wakaongezeka. Paris ilikuwa na makaburi ya Saints-Innocents, jirani kabisa na soko kuu la chakula, yaliyotumika tangu Enzi za Kati. Kufikia karne ya 18 ardhi yake ilikuwa imeinuka zaidi ya mita 2 juu ya mitaa iliyoyazunguka, na kilichoiinua si udongo wa kuletwa. Mwaka 1780 ukuta wa chumba cha chini cha nyumba ya jirani ulielemewa na shimo la pamoja, ukabomoka, na maiti zikaporomokea ndani.

Makaburi hayo yakafungwa. Miaka michache baadaye mifupa ikaanza kuhamishwa, usiku, kwa mikokoteni iliyofunikwa vitambaa vyeusi, mapadri wakiisindikiza kwa nyimbo hadi kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa chini ya jiji. Pamoja na mifupa ya makaburi mengine ya Paris, inakadiriwa kuwa mabaki ya watu zaidi ya milioni 6 yamo humo hadi leo.

London nayo haikuwa na la kujisifia. Karibu na barabara ya Strand kulikuwa na kanisa dogo lililoitwa Enon Chapel, lililofunguliwa miaka ya 1820. Mchungaji wake alizika kwa bei nafuu kwenye chumba kilichokuwa chini ya sakafu, na kati ya waumini na wafu palikuwa na mbao tu. Baadaye ikaja kukadiriwa kuwa waliolundikwa humo walifika 12,000. Kanisa lilipofungwa, jengo likageuzwa ukumbi wa dansi, na kilichokuwa chini hakikuwazuia wachezaji. Wengine ndicho kilichowavuta.

Wataalamu wa siku hizo walikuwa na maelezo yao. Waliamini kwamba ugonjwa husafiri ndani ya hewa chafu itokayo kwenye vitu vilivyooza; kwa lugha fupi, harufu ndiyo ugonjwa. Edwin Chadwick, aliyesukuma mageuzi ya afya ya umma Uingereza, aliiambia kamati ya Bunge mwaka 1846 kwamba harufu yote, ikiwa kali, ni maradhi. Kipindupindu kilipopiga London mwaka 1832 na tena mwaka 1849, vidole vingi vikaelekezwa makaburini. Walikosea. Kipindupindu huletwa na maji machafu, jambo ambalo daktari John Snow alilionyesha kwa ushahidi mzito mwaka 1854 alipofuatilia vifo vilivyozunguka bomba moja la maji. Lakini kufikia hapo Bunge lilikwishapitisha sheria ya 1852 ya kufunga makaburi ya ndani ya London. Kwa hiyo bustani hizi tunazozisifu zilizaliwa na kosa, ingawa kosa lenyewe lilikuwa na faida zake. Wazo la kuacha kunywa maji ya kisima kilicho chini ya makaburi yaliyojaa halihitaji nadharia yoyote.

Kosa hilo linaonekana hadi leo kwenye umbo la ardhi. Soma amri aliyoitoa Napoleon mwezi Juni 1804, kisha tembea makaburi ya zama hizo, utaona karibu kila kifungu kimesimama mbele yako. Amri ilikataza kuzika ndani ya makanisa na ndani ya miji. Makaburi yawe nje, angalau mita 35 hadi 40 kutoka mpaka wa mji. Yachaguliwe maeneo ya juu, yanayoelekea kaskazini, ili upepo uchukue hewa mbaya. Yazungushiwe ukuta usiopungua mita 2. Ipandwe miti, lakini isizuie hewa kupita. Kila maiti apate shimo lake, la kina cha mita 1.5 hadi 2. Kilima, ukuta, miti: vyote hivyo vilikuwa dawa ya harufu kabla havijawa mapambo.

Makaburi ya mfano yalikwishafunguliwa wiki chache kabla ya amri hiyo, juu ya kilima mashariki mwa Paris. Ni Père Lachaise, yaliyopewa jina la padri Mjesuiti aliyekuwa akimuungamisha mfalme Louis wa 14. Msanifu wake, Alexandre-Théodore Brongniart, aliyachora kama bustani kubwa. Yalikuwa mazuri, ila hakuna aliyeyataka. Nani apande kilima kile chote kumzika mama yake, mbali na parokia, mbali na nyumbani? Mwaka wa kwanza makaburi yalikuwa 13 tu.

Suluhisho lililopatikana ni la kibiashara kabisa, na binafsi ndilo linalonifurahisha kuliko mengine yote. Mwaka 1817 mabaki yaliyosemekana kuwa ya Molière, mwandishi wa tamthilia, na ya La Fontaine, mtunzi wa hekaya, yalihamishiwa Père Lachaise. Pamoja nao wakaletwa Abélard na Héloïse, wapenzi maarufu wa karne ya 12. Iwapo mifupa ilikuwa yao kweli, hilo halikuwasumbua wengi. Ghafla kuzikwa kule kukawa ni kupata jirani wa heshima. Kufikia mwaka 1830 makaburi yalikuwa yamefika maelfu kwa maelfu. Hila hiyo iliigwa. Makaburi ya Green-Wood, Brooklyn, yalifunguliwa mwaka 1838 na kudorora, hadi mwaka 1844 yalipopokea mabaki ya DeWitt Clinton, aliyewahi kuwa gavana wa New York na alikuwa amekufa tangu 1828. Kule London, makaburi ya Kensal Green yalipanda hadhi mwaka 1843 alipozikwa hapo mtoto wa mfalme George wa 3.

Kensal Green, yaliyofunguliwa 1833, ndiyo ya kwanza kati ya saba yaliyoizunguka London kama mkufu ndani ya miaka minane: Norwood, Highgate, Abney Park, Nunhead, Brompton, na la mwisho Tower Hamlets mwaka 1841. Tofauti na Paris, haya yalikuwa makampuni yenye hisa. Waliowekeza walitarajia gawio. Ukilijua hilo, ramani ya makaburi inaanza kusomeka vizuri zaidi.

Angalia njia. Njia inayopinda humrahisishia farasi avutaye gari la maiti kupanda mlima, na hupendeza macho. Lakini pia njia iliyopinda ni ndefu kuliko iliyonyooka, na kiwanja cha kando ya njia ndicho kilichouzwa ghali. Ndiyo maana minara na vibanda vya marumaru vimejipanga mbele kama maduka, na mawe madogo yamejificha nyuma. Mara nyingi utakuta makanisa mawili madogo badala ya moja, kwa sababu ardhi iligawanywa: upande uliobarikiwa na askofu wa Kianglikana, na upande wa madhehebu mengine.

Halafu kuna sehemu zisizo na kitu. Majani tu, labda na mti mmoja. Mgeni hudhani ni nafasi iliyobaki, kumbe mara nyingi ndipo palipojaa kuliko pengine pote. Ni makaburi ya pamoja ya maskini: shimo refu, masanduku yakiwekwa moja juu ya jingine, ya watu wasiohusiana, bila jiwe, kwa sababu jiwe lilikuwa haki ya aliyenunua kiwanja.

Miti nayo ilikuwa na hoja. John Claudius Loudon, mbunifu wa bustani aliyechora makaburi kadhaa, alipendekeza miti myembamba iliyosimama wima, mfano wa misaipresi, ili jua na upepo viifikie ardhi na kuikausha. Alisema pia kwamba makaburi yakishajaa yafungwe na yageuzwe bustani za umma. Alifariki mwaka 1843 akazikwa Kensal Green. Abney Park walikwenda mbali zaidi: walipanda aina zipatazo 2,500 za miti na vichaka kuzunguka ukuta, wakizipanga kwa alfabeti ya majina yake ya kisayansi, ili mwombolezaji arudi nyumbani amejifunza kitu. Highgate walifanya kinyume. Badala ya kupanda mti waliukuta, mwerezi wa Lebanoni uliokuwa umekua kwenye bustani ya jumba lililotangulia, wakachimba mduara kuuzunguka na kujenga makaburi ndani ya mduara huo. Mti ukabaki juu, kama umepandwa kwenye chungu kikubwa cha wafu.

Kwenye mawe yenyewe kuna lugha ya picha ambayo wakati ule kila mtu aliielewa. Nguzo iliyokatwa juu ni maisha yaliyokatizwa mapema. Mwenge ulioelekezwa chini ni uhai uliozimika. Mikono miwili iliyoshikana kwa kawaida ni mume na mke. Nanga ni tumaini, na mara nyingine ni baharia tu. Mwanakondoo aliyelala ni mtoto, na hao ni wengi. Mawe mengi yameinama, kwa sababu iliyo nyepesi: sanduku la mbao huoza na kubonyea, udongo uliofukiwa hushuka, na jiwe hufuata. Mizizi humalizia kazi. Marumaru nyeupe, iliyogharimu zaidi, ndiyo iliyopoteza maandishi haraka, maana mvua yenye asidi ya moshi wa makaa ya mawe huiyeyusha polepole.

Watu walizipenda bustani hizi kuliko waanzilishi walivyotarajia. Hapakuwa na bustani nyingi za umma. Mount Auburn, iliyofunguliwa mwaka 1831 nje kidogo ya Boston kwa msaada wa chama cha wakulima wa bustani, ilijaa watu waliokuja kupunga upepo. Green-Wood ilipata wageni wapatao nusu milioni kwa mwaka kufikia miaka ya 1860. Wanaharakati wa New York waliliona hilo wakauliza: kama watu wako tayari kwenda makaburini ili waone mti, kwa nini mji usiwape mti bila kaburi? Hoja hiyo ni mojawapo ya zilizozaa Central Park.

Kisha mji ukafika. Paris ilivimeza vijiji vya jirani rasmi tarehe 1 Januari 1860, na Père Lachaise, iliyojengwa nje kwa amri ya sheria, ikajikuta ndani ya jiji bila kusogea hata hatua moja. London ilifanya vivyo hivyo kwa matofali, mtaa baada ya mtaa. Mwaka 1854 ilijaribiwa dawa kali zaidi, makaburi makubwa ya Brookwood huko Surrey, yenye treni yake maalumu kutoka Waterloo, na madaraja ya tiketi kwa walio hai na kwa waliokufa pia. Tiketi ya jeneza ilikuwa ya kwenda tu. Kituo chake kilipigwa bomu mwaka 1941 na huduma ikaishia hapo.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa kwenye vitabu vya hesabu. Kampuni ya makaburi huuza kila kipande cha ardhi mara moja tu, na huahidi kukitunza milele. Viwanja vikiisha, mapato huisha; majani hayaishi. Vita Kuu ya Kwanza ikachukua watunza bustani, uchomaji wa maiti ukachukua wateja, na sehemu nyingi zikaachwa zikawa misitu. Mwaka 1987 halmashauri ya Westminster iliuza makaburi yake matatu kwa peni 5 kila moja, ili iondokane na gharama ya kuyatunza. San Francisco haikuvumilia hata kiasi hicho. Ilipiga marufuku mazishi mapya mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ikaamuru makaburi yaondolewe, na maiti nyingi sana zikahamishiwa Colma, mji mdogo wa kusini ambao leo wafu wake ni zaidi ya milioni 1, na wakazi hawafiki elfu mbili. Baadhi ya mawe yaliyoachwa yalitandazwa kwenye mitaro ya bustani ya Buena Vista.

Highgate ilinusurika kwa sababu wananchi waliunda chama cha marafiki wake mwaka 1975 na kuanza kufyeka. Mwerezi wa Lebanoni uliugua, ukakatwa mwaka 2019, na mti mchanga wa jamii hiyo hiyo ukapandwa mahali pake. Mwaka 2022 Bunge liliwapa uwezo wa kutumia tena makaburi ambayo hayajazikwa mtu kwa miaka 75, mradi hakuna ndugu anayepinga. Mara tu ruhusa hiyo ilipopatikana, makaburi yaliyodhaniwa kuwa yamejaa yakawa na nafasi tena.