Olspaisi ni tunda moja, sio mchanganyiko

Wadau wa jikoni, watu wengi wanaokuja kununua viungo kwangu hapa Moshi wakisikia olspaisi wanajua ni unga uliochanganywa, mdalasini, karafuu na kungumanga. Hapana jamani, ni tunda la mti mmoja, likikauka linafanana na punje ya pilipili manga ila kubwa kidogo na la kahawia. Kitaalamu mti unaitwa Pimenta dioica na asili yake ni Jamaika, kusini mwa Meksiko na Amerika ya Kati. Wahispania walipolikuta huko walidhani ni pilipili manga, kumbe mti wenyewe uko ukoo mmoja na mkarafuu, mpera, mzambarau na hata mikaratusi tuliyoipanda kila kona huku kwetu.

Huo undugu na karafuu unausikia ukinusa tu, maana mafuta yake kwa sehemu kubwa ni yujinoli, ileile inayoipa karafuu harufu, ndo maana ulimini inaanza karafuu, inafuata mdalasini na kungumanga kwa mbali, mwisho kajoto kidogo. Na linachumwa likiwa limekomaa ila bado la kijani, linaanikwa juani mpaka ukitikisa unasikia mbegu zinagonga ndani, kwa sababu likiachwa liive kabisa harufu inapungua sana.

Jamaika wanalisaga na pilipili kali na vitunguu wanapaka kwenye kuku au nguruwe, halafu wanachoma kwa kuni za mti huohuo, ndo jeki (jerk) yenyewe hiyo, nyama choma yao. Waarabu wa Lebanoni na Palestina wanatia kwenye nyama na wali, Uswidi kwenye samaki wa siki.

Sasa kwetu, mimi naliona mahali pake ni kwenye nyama inayochemka muda mrefu. Kwenye pilau punguza karafuu nusu uweke hili, ukijaza vyote viwili pilau linakuwa chungu. Machalari ya nyama ya ng'ombe yanalipokea vizuri mno. Nunua punje nzima, sio unga, unga unapoteza harufu haraka, we funga punje kwenye chupa usage unapopika. Na kwa mtori tia punje mbili tatu nzima kwenye supu ya mifupa, ila uzitoe kabla hujaponda ndizi.