“Babu Alikuwa Ofisa wa Mjerumani”: tunapokosea tukifuatilia ukoo wa askari

Bibi alipofariki, tulifungua sanduku lake la bati nyumbani Lindi mbele ya ukoo mzima. Chini kabisa, ndani ya kipande cha kaniki, tukakuta medali. Wajukuu tukashangilia: kumbe yale ya babu kuwa ofisa wa Mjerumani ni kweli! Mjomba akaichukua, akaigeuza huku na huku, akanyamaza. Upande mmoja kuna kichwa cha mfalme, upande wa pili mtu amepanda farasi, na miaka miwili: 1914 na 1918. Mfalme huyo ni wa Uingereza.

Tangu siku ile nimekuwa nikiifuatilia habari hii, na kila nikikaa na watu wa Mikindani, Newala au Masasi wenye mzee wa aina hiyo kwenye ukoo, nakuta tunakosea palepale. Nayaandika haya sasa kwa sababu wenye majibu ni wazee, na kila mwaka tunawazika.

Tuanze na uofisa. Katika jeshi la Mjerumani, lililoundwa rasmi mwaka 1891, maofisa walikuwa Wazungu. Mwafrika alianza askari, akapanda kuwa ombasha, kisha shaushi, bashaushi, sol. Juu yao palikuwa na efendi, na hao walikuwa wa kuhesabu, wengi wao Wasudani walioletwa na kamanda wa Kijerumani Wissmann kutoka Misri mwaka 1889 kupigana na Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kumpinga Mjerumani. Vyeo vyenyewe ni vya Kituruki vilivyopitia jeshi la Misri. Ombasha maana yake ni mkuu wa watu kumi. Basi mzee akikwambia “alikuwa shaushi”, amekwambia sajenti, usimpandishe cheo. Na shaushi hakuwa mtu mdogo. Mwaka 1914 jeshi zima lilikuwa na askari takribani 2,500 katika kombania 14, na kombania ya tatu ilikaa hapa Lindi. Mtu kama huyo alijulikana mji mzima, mpaka cheo kikamganda kikawa jina.

Ila cheo peke yake hakikuonyeshi jeshi. Hata Keya, yaani jeshi la Mwingereza, kwenye vikosi vyake vya Uganda walikuwamo maefendi, kwa sababu hiyohiyo ya Wasudani.

Kosa linalofuata ndilo lililotufunga sisi: kudhani aliyekuwa wa Mjerumani hawezi kuwa na kitu cha Mwingereza. Anaweza. Batalioni ya sita ya Keya iliundwa mwaka 1917, vita bado vinaendelea, kwa kuwachukua askari waliokuwa wa Mjerumani wakatekwa. Mtu mmoja alibadili kofia, bunduki na lugha ya amri ndani ya miezi michache. Ukiwa na medali kama yetu, usiisugue kwa majivu. Isimamishe kwa ukingo, washa tochi ya simu, uizungushe polepole. Kwenye ule ukingo mwembamba kuna namba, cheo, jina na kikosi kwa herufi ndogo za kukandamizwa. Namba hiyo ina thamani kuliko hadithi zote za sebuleni. Za Vita vya Pili, zile za waliokwenda Bama (Burma), kwa kawaida hazikuandikwa jina, kwa hiyo usikate tamaa ukikuta ukingo mtupu.

Wengine hawana medali wala cheo, wana neno tu: “Alikwenda vita vya Mjerumani.” Hapo tunarukia uaskari. Lakini kwa kila mwenye bunduki walikuwapo wapagazi wengi waliobeba risasi, chakula na majeruhi. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kufika 95,000 au zaidi, na jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na kikosi chao. Mahiwa, huku kwetu Lindi, watu waliuana kuanzia tarehe 15 mpaka 18 Oktoba 1917, Wanaijeria wa Mwingereza wakiwamo. Bila wapagazi risasi zisingefika pale. Kuna pia ruga-ruga, waliokodiwa kwa vita bila kuwa wa jeshi la kudumu. Kuna polisi, nao waliitwa askari. Na kuna akida, ambaye kwa Mjerumani alikuwa mtawala wa eneo. Kila mmoja anatafutwa kwenye karatasi tofauti.

Sasa majina, na hapa naomba msomaji wa kusini asikilize kwa makini. Tunafuatilia kwa jina la baba kwa sababu shule na vitambulisho vimetuzoesha hivyo. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, ukoo wa asili hufuata mama. Watoto wa askari walikuwa wa ukoo wa mama yao, na huyo mama huenda alikutana naye safarini, mbali na kwao, maana wanawake na watoto walitembea na jeshi. Habari za askari mwenyewe zilibaki kwa watoto wa dada yake. Sisi tulimwita “babu” miaka yote, kumbe alikuwa mjomba wa bibi, kaka wa mama yake. Ndiyo maana medali ilikuwa kwetu.

Halafu mtu mmoja ana majina matatu: la utoto, alilopewa jandoni, na la Kiislamu alilochukua bomani. Daftari la jeshi linajua moja tu. Waulize mashangazi na wajomba majina yote kabla hujafika kwenye nyaraka, kisha uyafikirie kwa tahajia ya Kijerumani: Masasi ni Massassi, Shaabani huweza kuwa Schabani, Chande akawa Tschande. Kabila nalo lichukue kwa tahadhari. Kuandikwa “Msudani” au “Mzulu” mara nyingi kulieleza mahali mtu alipoandikishwa. Wengi walioitwa Wazulu walitoka Msumbiji.

Watu husema kila kitu kiko Ujerumani. Si kweli. Mafaili mengi ya serikali ya Kijerumani yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam; mengine yako Berlin; na sehemu kubwa ya kumbukumbu za jeshi iliungua Potsdam kwa mabomu ya Aprili 1945. Usitafute “Mtwara” humo. Mji huu ulikua na bandari ya mradi wa karanga baada ya 1947. Wakati wa Mjerumani watu walikwenda boma la Mikindani au la Lindi. Kama mzee wenu alibatizwa, ulizeni misheni, mkikumbuka kwamba Nyangao na Lukuledi zilichomwa mwaka 1905.

Kuhusu pesa, kwa ufupi: Ujerumani iliwalipa askari malimbikizo miaka ya 1920, na mwaka 1964 bunge lake likaidhinisha malipo kwa waliokuwa bado hai. Yalikuwa ya askari wenyewe. Anayekuomba nauli ili “akufuatilie mafao ya babu” usimpe.

Linalobaki ndilo zito. Wapo wanaosema askari wa Mjerumani walikuwa mashujaa, na wapo wanaoficha majina yao kwa aibu ya Maji Maji. Vita hivyo vya 1905 mpaka 1907 Mjerumani alivimaliza kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Moto huo uliwashwa na askari. Hakuna wa kulibadilisha hilo, na mwenye kufuatilia ukoo asiruke miaka hiyo miwili.

Wajukuu aliowazaa yule mzee tumewapata Nachingwea. Wao walikuwa na cheo tu, hawakulijua jina lake la jandoni. Sisi tulikuwa na jina, hatukujua kama aliacha watoto. Tulikaa mkekani tangu asubuhi. Adhuhuri ilipokaribia, mama mmoja mtu mzima akatuambia kwamba bibi yao, Mmwera, hakuposwa wala kutolewa mahari. Alichukuliwa wakati wa Maji Maji, bado binti, kijiji chao kikiwaka. Wao wamelijua hilo siku zote. Kwetu halikuwahi kutamkwa.

Mjomba aliomba radhi kwa niaba ya ukoo, kisha akauliza bibi huyo alitoka kijiji gani. Hawakijui, wanajua kilikuwa upande wa Nyangao. Mwezi ujao tunakwenda huko, wao na sisi, kuutafuta ukoo wake.