Dijon 1979: turbo ilipoacha kuchekwa

Mtajie mpenzi yeyote wa langalanga mbio za Dijon, Ufaransa, za tarehe 1 Julai 1979, naye ataanza na madereva Gilles Villeneuve na René Arnoux walivyogonganisha matairi mpaka mwisho. Simlaumu. Ila wale walikuwa wanagombea nafasi ya pili. Jean-Pierre Jabouille alikuwa ameshajiendea zake mbele na Renault ya turbo, yaani kifaa kinachoshindilia hewa kwenye injini, na kwangu mimi mtu wa injini, habari yenyewe ndiyo hiyo.

Kanuni za enzi zile ziliruhusu injini ya kawaida ya lita 3 au ya turbo ya lita 1.5. Renault ndio waliothubutu kuleta turbo, kwenye mbio za Silverstone, Uingereza, mwaka 1977. Injini yao ya V6, yaani ya silinda sita, ilikufa njiani ikifuka moshi mara nyingi hivi kwamba Waingereza waliliita gari lile birika la manjano.

Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moshi wa eksozi unazungusha ya kwanza, ya pili inashindilia hewa kwenye silinda. Tatizo liko kwenye kona: ukiachia mafuta, moshi unapungua na feni zinapunguza kasi. Ukikanyaga tena, kwanza hupati kitu, kisha nguvu zinakuja zote kwa mkupuo, pengine usukani bado umeukata. Mwaka 1979 Renault waliachana na turbo moja kubwa wakafunga mbili ndogo, kila moja ikihudumia silinda tatu. Feni ndogo ni nyepesi, inaamka upesi. Badiliko hilo ndilo lililoipa Renault ushindi wa Dijon.

Renault za Jabouille na Arnoux zilianza nafasi ya kwanza na ya pili, lakini Villeneuve, na Ferrari yake ya silinda 12 isiyo na turbo, alichomoka mbele akaongoza zaidi ya nusu ya mizunguko 80 huku akiyala matairi yake. Jabouille akampita, akashinda kwa takriban sekunde 15: dereva, gari, injini, matairi na mafuta, vyote vya Kifaransa.

Nyuma, Arnoux naye alimpita Villeneuve zikiwa zimebaki lepu (mizunguko) chache. Villeneuve akajibu kwa kuchelewesha breki mwisho wa njia iliyonyooka, matairi yakifuka moshi, akajipenyeza ndani ya kona. Lepu ya mwisho waligusana mara kadhaa na kutoka nje ya lami, Villeneuve akamaliza mbele kwa sekunde 0.24. Injini ya Arnoux ilikuwa inakatakata kwa kukosa mafuta vizuri, jambo ambalo wasimuliaji wengi hulisahau.

Mwaka 1981 Ferrari nao walikuja na V6 ya turbo. Villeneuve akashinda nayo Monaco, kwenye vichochoro na kona ambazo turbo ilidhaniwa haiziwezi kabisa.